Maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu kijiwe chetu cha vijana wenye ulemavu wa viungo, Dar

Haya maswali yanajirudia mpaka tumechoka kuyajibu moja moja. Kwenye simu, kwenye grupu la wasap, hata msibani mtu anakuvuta pembeni anakuuliza. Sisi ni vijana wenye ulemavu wa viungo, tunakutana Temeke kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Kama swali lako halipo hapa njoo uulize, chai ipo.

## Mwanzo mwanzo

Hiki ni kikundi cha misaada?

Hapana, na hili linawakata stimu wengi. Hatugawi wilchea, hatugawi mchele, mfadhili hatuna. Tulichonacho ni watu wanaojua fundi gani anachomelea fremu ikivunjika, daktari gani anaongea na wewe badala ya kuongea na dada aliyekusindikiza, na nyumba gani ya kupanga haina ngazi. Ukija ukatukuta tunabishana Simba na Yanga usishangae, ndo kikao chenyewe hicho. Ajenda zinaanza saa nane zinaisha saa nane na nusu, zilizobaki ni stori mpaka jua linazama.

Karibu kila anayekuja mara ya kwanza anatuambia kitu kilekile, kwamba hajawahi kukaa mahali ambapo hakuna anayemuuliza "ilikuwaje?". Kanisani anaombewa, kwenye daladala anapewa pole, dukani anauziwa kwa huruma. Huku unakaa tu, na ukitaka kuulizwa itabidi uanze wewe.

Nani anaruhusiwa kujiunga?

Kuanzia miaka 18 mpaka 35, mwenye ulemavu wa viungo wa aina yoyote ile. Tuna waliozaliwa na mgongo wazi, wenye mtindio wa ubongo, waliokatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda (hawa wanazidi kuongezeka), walioanguka ghorofani kwenye kazi za ujenzi wakaumia uti wa mgongo. Ukifika 36 hatukufukuzi, ila hupigi kura tena na tunaanza kukuamkia, wengi hilo la pili ndo linawauma.

Kanuni kali tuliyonayo ni moja tu: mwenzetu mwenye mtindio wa ubongo akiwa anaongea taratibu, unasubiri amalize. Humalizii sentensi yake, hata kama unajua anaelekea wapi.

Tuwaiteje, walemavu au watu wenye ulemavu?

Kwenye barua na ofisini andika mtu mwenye ulemavu, hata sheria ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sisi kwa sisi tunaitana majina ambayo hayaandikiki hapa, lakini wewe usianze nayo siku ya kwanza. Kilema na kiwete hapana. Yanaanza na ki kama kiti na kijiko, mwalimu wangu wa Kiswahili alisema hiyo ni sarufi tu, sawa, ila aliyekuwa akiitwa hivyo ni mimi sio yeye.

Halafu "hujafa hujaumbika" tunaomba mtupumzishe. Tunajua nia ni nzuri, lakini ukiisikiliza vizuri mtu anajiambia mwenyewe huku ananiangalia mimi.

Kuna kiingilio?

Buku mbili kwa mwezi, ya chai na dharura. Kama huna njoo hivyohivyo, tutakuandika deni. Kwa nini tunakudai badala ya kukusamehe, soma swali la michango huko chini.

## Kutoka nyumbani

Nakaa mbali, nitafikaje?

Hili ndo swali namba moja, na kwa mimi ndo ulemavu wenyewe kwa hapa Dar. Miguu yangu haijawahi kunizuia kwenda Kariakoo, kilichonizuia ni konda. Daladala inapunguza mwendo, konda akiona magongo anagonga bati, "twende twende", gari hilo limeondoka, maana anajua muda wa kukupandisha wewe angepandisha watatu.

Tulichojifunza ni hiki. Panda gari linapoanzia, usipandie katikati ya ruti, kituo cha mwanzo gari linajaza taratibu na dereva kashuka anakunywa maji. Asubuhi subiri mpaka saa tatu ipite, jioni wahi kabla ya saa kumi. Kama wilchea yako inakunjwa, ikunje kabla gari halijafika, konda aone mzigo mdogo. Wapo wanaolipia siti mbili ili wasibishane, wapo wanaosema huko ni kujidhulumu wenyewe, tumeligombania hili mwaka mzima hatujafikia muafaka, mimi nalipa nikiwa nimechelewa tu.

Wanaokaa njia moja wanachangia bajaji. Kutoka Mbagala wanakuja watatu kwenye bajaji moja, wilchea zimefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli, nauli inagawanywa. Mipango inafanyika Alhamisi kwenye grupu, ukiibuka Jumamosi asubuhi kuuliza nani anapita Kizuiani utajibiwa na emoji.

Mwendokasi inapitika na wilchea?

Inapitika kuliko daladala yoyote. Toka ilipoanza mwaka 2016 kwenye njia ya Kimara kwenda Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, wengi wetu ndo tuliingia basi la abiria kwa mara ya kwanza bila kubebwa mgongoni, kwa sababu sakafu ya basi iko usawa mmoja na jukwaa la kituo, na kuingia kituoni kuna mteremko.

Cha kuangalia ni lile pengo. Dereva akisimama mbali kidogo na jukwaa, vigurudumu vidogo vya mbele vinadumbukia na wewe unakwenda na uso. Ingia kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie, na mtu mmoja ashike mikono ya kiti. Asubuhi kutoka Kimara usijaribu, pale hata mwenye miguu minne haingii. Na mvua kubwa ikinyesha Jangwani ikajaa maji huduma inakatika, kwa hiyo siku za masika uwe na hela ya bajaji ya kurudia.

Wilchea yangu inazama kwenye mchanga wa mtaani kwetu, nifanyeje?

Wilchea nyingi za kugawiwa zimetengenezewa korido za hospitali, vigurudumu vya mbele vidogo na vigumu kama jiwe, ukifika nayo Chanika au Kigamboni ndani ndani umekwisha. Mtaani jiegemeze nyuma, vya mbele vinyanyuke, na anayekusaidia akuvute kinyumenyume badala ya kukusukuma. Kwa safari ndefu baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mikono inafaa zaidi, japo ukifika nayo dukani huingii.

Magurudumu makubwa mara nyingi ni inchi 24, tyubu yake unapata kwa fundi baiskeli yeyote, usikubali kuambiwa eti ni spea ya hospitali. Kinachokufa mapema ni beringi za mbele, mchanga unaingia unasaga. Zifungue, zisafishe, weka grisi, kijana yeyote wa gereji anaweza.

Kuhusu saizi: ukikaa, kiganja chako kipite kwa kubanwa kidogo kati ya nyonga na ubavu wa kiti. Kiti kikiwa kipana unakaa umeegemea upande mmoja, mgongo unapinda, na vidonda vya kukaa vinakuja. Kapimwe, hospitali ya CCBRT kule Msasani au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, usikadirie. Na kama huna hisia makalioni, jinyanyue kwa mikono kila baada ya nusu saa hata kama mpira umefika penati. Kidonda kinaanza kama doa tu, kikishachimba kinakulaza miezi.

Na chooni?

Hili tunaulizwa kwa meseji za siri, kwa hiyo acha tulijibu hadharani. Choo cha ukumbi ni cha kukaa na mlango wake unapitisha wilchea, tuliupima kwa kamba kabla hatujakubali ukumbi. Wanaotumia mpira wa mkojo wapo, wa pampasi wapo, chumba cha kubadilishia kipo. Usishinde kutwa bila kunywa maji ili usihangaike na choo, tunajua mnafanya hivyo, wote tulifanya, UTI ndo zilitufundisha.

## Nyumbani na mtaani

Nina miaka 22 lakini wazazi hawataki nitoke. Nifanyeje?

Wengi wao sio wakorofi, wameshakubeba mgongoni miaka ishirini na hawaoni nani mwingine atakubeba. Usianze na ugomvi wa haki zangu haki zangu. Anza na safari moja fupi yenye saa ya kurudi, halafu rudi saa hiyohiyo. Mwenzetu mmoja alianza kwa kwenda kununua vocha kona ya mtaa kila siku jioni, mama yake anasimama getini anamwangalia. Mwezi wa tatu mama akachoka kusimama.

Ikishindikana kabisa tunakuja wawili, mmoja lazima awe dada mkubwa anayejua kuongea na watu wazima, tunakunywa chai, tunaamkia, hatuombi ruhusa siku hiyo. Siku ya pili ndo tunaomba.

Mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka 24, hatoki chumbani. Mnaweza kuja kumchukua?

Shikamoo mama (wanaouliza hili ni akina mama karibu wote, akina baba wanapiga simu wakisikia kuna mkopo). Kumchukua hapana, ila tunaweza kuja kumsalimia, na tutamuomba ruhusa yeye mwenyewe. Akikataa tutaondoka na utatuona wabaya. Mara nyingi anakubali wiki mbili baadaye, kwa meseji, saa sita usiku.

Na mama tukuombe kitu kimoja: ukitupigia mbele yake usiseme "nina mgonjwa wangu hapa". Anasikia.

Michango ya mtaani inanihusu? Mimi si ni wa kusaidiwa?

Inakuhusu kuliko wote. Nitasimulia yangu. Jirani yetu alifiwa, mjumbe akapita nyumba kwa nyumba na daftari la rambirambi. Kwetu akaandika jina la mama, akaandika jina la mdogo wangu ambaye alikuwa kidato cha tatu hana hata mia, mimi akaniruka. Na nilikuwa nimekaa mlangoni kabisa, ilibidi anikanyage kupita. Nikamwambia mzee niandike elfu tatu. Akacheka kwa upole, "wewe mwanangu acha tu, utuombee". Nikatoa hela mfukoni nikaishika hivi, nikasema sitoi mpaka nione jina langu limeandikwa. Akaandika. Wino ulitoka umefifia, akaweka daftari juu ya goti akakoleza.

Msiba uliofuata alinifuata mwenyewe. Ule wa baada ya hapo nilichelewa kulipa akanisema mbele za watu, mama alikasirika, mimi nililala nacheka. Sasa hivi daftari nashika mimi.

Ndo maana kijiwe kinakudai buku mbili yako. Dar mtu wa mtaa ni mtu anayedaiwa, wa kusamehewa kila kitu ni mgeni au marehemu. Kwa hiyo ingia kwenye mchezo wa kupeana hela kwa zamu, mpe kijumbe hela yako kwa wakati, lipia sare ya harusi hata kama shughuli iko ghorofani na hujui utapandaje. Ukishalipa, namna ya kukupandisha inakuwa shida ya kamati nzima.

Vipi mapenzi, kuna anayenitaka kweli?

Wapo. Tuna ndoa nne mpaka sasa, mbili za humuhumu kijiweni, na ugomvi mmoja ambao hatuuzungumzii. Wenye mgongo wazi au walioumia uti wa mgongo mnauliza pia kuhusu tendo lenyewe na kupata watoto, inategemea umeumia wapi, muulize daktari, na uulize ukiwa peke yako bila shangazi chumbani.

## Kazi na hela

Ile mikopo ya halmashauri tunaipataje?

Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 ukarudi 2024, ndo maana ukimuuliza mtu aliyejaribu kipindi kile atakwambia ni uongo. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, muulize masharti ya sasa hivi, hasa idadi ya wanakikundi, usichukue ya jirani.

Kinachoangusha wengi ni andiko. Mtu anaandika "kuinua kipato cha walemavu" kurasa mbili. Andika unauza nini, unanunua wapi, kwa bei gani, nani anabeba mzigo kutoka Kariakoo. Na mjuane kwanza, vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya mkopo tu vinakufa siku hela inapoingia, tumezika viwili.

Nimesikia waajiri wanalazimika kutuajiri, ni kweli?

Sheria ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Ipo kwenye karatasi, kuifuatilia ndo kasheshe. Itaje kwenye barua kwa adabu, mstari mmoja. Matangazo ya kazi za serikali nayo huwataka waombaji wenye ulemavu waseme aina ya ulemavu wao, usifiche, inasaidia kupanga usaili.

Kwenye usaili uliza mapema ofisi iko ghorofa ya ngapi. Mimi sikuuliza. Kampuni moja mjini iliniita, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, mlinzi akasema subiri nikawaite washuke, nikaona nusu saa inapita hawashuki. Nikapanda kwa makalio, ngazi moja moja, faili nimeling'ata mdomoni. Nimefika shati limelowa wananiuliza kama nitayaweza mazingira ya kazi. Hawakunipigia tena, na lile faili lina alama za meno mpaka leo.

Sina elimu kubwa, naweza kujifunza ufundi wapi?

Kuna chuo cha serikali cha ufundi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu pale Yombo, wilaya ya Temeke. Tuna mafundi cherehani waliotokea pale. Uliza mapema kuhusu bweni.

Nataka kuendesha bajaji, inawezekana bila miguu?

Inawezekana, na wapo wengi barabarani. Kwenye bajaji klachi na gia viko mkono wa kushoto, mafuta mkono wa kulia, kilichoko mguuni ni breki. Fundi anachomelea mkono wa chuma kutoka kwenye pedeli mpaka juu unakofikia, unavuta badala ya kukanyaga. Ujaribu kwenye uwanja mtupu kwanza, na fundi akae nyuma yako, akikataa kukaa ujue kazi yake mwenyewe haiamini. Leseni na bima unahitaji kama mtu mwingine yeyote.

## Michezo

Kuna michezo au ni vikao tu?

Ipo. Mpira wa miguu wa kutembelea magongo mawili ndo unaopendwa, hasa baada ya Tembo Warriors, timu ya taifa, kufika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki mwaka 2022. Mnacheza saba kila upande, wa ndani wana mguu mmoja na magongo, golikipa ana mkono mmoja. Gongo likigusa mpira kwa makusudi ni kama kunawa. Wasio na mguu uliokatwa tunapiga kelele pembeni, na kelele zetu refa anazijua.

## Maswali magumu

Nilipata ajali nikiwa mkubwa. Siwezi kujizoea, wakati mwingine naona bora ningekufa.

Kama wazo la kujidhuru lipo sasa hivi usisubiri Jumamosi yetu. Mwambie mtu aliye karibu, leo, akusindikize hospitali, Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na kama Temeke, Amana au Mwananyamala ndo karibu anzia hapo.

Halafu uje. Waliozaliwa hivi na waliopata ukubwani hatufanani, sisi wa kuzaliwa hatuna tulichopoteza na wakati mwingine tunawaona nyie wanunaji, tusameheni. Kwa hiyo tutakukutanisha na aliyekatwa mguu kama wewe. Yeye ndo atakwambia kwamba kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa kinapungua unene miezi ya mwanzo, mguu bandia ukianza kupwaya sio kwamba umetapeliwa, unaongeza soksi kisha unarudi kurekebishiwa. Na kwamba vidole ambavyo havipo vinawasha usiku.

Sina ulemavu, naweza kuja?

Karibu. Usisukume wilchea ya mtu bila kumuuliza, ni sawa na kumshika mtu kiuno. Usilete kamera. Kuna waliokuja na katoni za sabuni wakatupanga mstari kwa urefu ili picha itoke vizuri, urefu, sisi. Sabuni tulizitumia, ila hatukuwaalika tena.

Nikiacha kuja mtanitafuta?

Ndiyo. Ukikosa mara mbili bila taarifa tunapiga simu, mara ya tatu tunakuja. Mwaka jana tulimfuata mshkaji mmoja Gongo la Mboto, wilchea tatu na magongo jozi mbili kwenye uchochoro, watoto wote wa mtaa nyuma yetu wakidhani ni kampeni. Tukajua labda kalazwa. Tukamkuta yuko fresh kabisa anaangalia mpira, alikuwa anatukwepa kwa sababu anadaiwa elfu nane. Akalipa mbili palepale, sita bado tunamdai.